Uliza Fundi: "Siku ya kuunganisha kazi inakuwa vita"

Shikamoo Mama Fundi. Naongoza watengenezaji programu sita hapa Dar es Salaam. Tunajenga mfumo wa SACCOS: akiba, mikopo, marejesho kwa simu. Kila mtu ana tawi lake, yaani nakala yake ya kazi, kwenye Git (programu ya kutunza historia ya kazi), na anakaa nalo wiki mbili, tatu kabla ya kuliunganisha na kazi ya wenzake. Siku ya kuunganisha inakuwa vita. Juzi kanuni mpya ya riba ilipotea, ikarudi ile ya zamani, na wanachama wakalalamika. Bosi anataka tununue mfumo wa kusimamia kazi, wa kulipiwa dola kila mwezi. Tununue upi?
*Kiongozi wa timu, Sinza*

Marahaba, mwanangu. Mwambie bosi azitunze dola zake kwanza. Mfumo wa kusimamia kazi utakuonyesha nani kashika kazi gani, lakini hauwazuii watu wawili kuchokonoa faili moja wiki tatu bila kuulizana. Kwa watu sita, ubao wa ukutani wenye safu tatu unatosha.

Hiyo riba nadhani najua ilikopotelea. Git inalinganisha mistari, haijui maana yake. Wawili wakigusa mstari mmoja, inasimama na kuuliza ibaki ipi. Mtu aliyechoka, mwenye migongano mia mbele yake saa kumi na moja jioni, anachagua "chukua yangu" kwa faili zima na kwenda kupanda daladala. Kazi ya mwenzake imefutika hapo, na Git haina la kusema kwa kuwa imetii alichoambiwa. Pitieni historia ya faili la riba. Mtaikuta siku yenyewe.

Dawa ni kuunganisha na tawi kuu kila siku, kila mtu. Najua utaniambia mkopo wa dharura haujengwi kwa siku moja. Ni kweli, kwa hiyo ugaweni. Leo ongezeni safu mpya kwenye jedwali, isiyotumiwa na chochote bado. Kesho iingie kanuni ya kukokotoa pamoja na majaribio yake, yaani vijiprogramu vya kukagua kama inatoa jibu sahihi. Keshokutwa iingie skrini, ikiwa imefichwa nyuma ya swichi iliyozimwa. Mwanachama haoni kitu mpaka muiwashe, na ikileta matata mnaizima bila kurudisha toleo zima nyuma.

Ila swichi iliyomaliza kazi ifuteni, pamoja na msimbo (maandishi ya programu) uliokuwa nyuma yake. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya biashara ya hisa ya Marekani, Knight Capital, iliweka toleo jipya kwenye seva saba kati ya nane. Toleo hilo lilitumia upya swichi ya kazi iliyoachwa miaka mingi nyuma, na kwenye seva ya nane msimbo wa zamani ulikuwa bado umelala. Swichi ilipowashwa, seva hiyo ikaanza kumwaga oda sokoni. Kwa takriban dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Angalia makosa yalivyopangana: msimbo mfu haukufutwa, na kazi ya kuweka toleo ilifanywa kwa mkono bila kitu cha kukagua kama seva zote ziko sawa.

Sasa majaribio. Msianze kwa kujaribu kila kitu, mtachoka wiki ya kwanza. Anzeni penye pesa. Mkopo wa shilingi 1,000,000, miezi sita, riba ya asilimia 12 kwa mwaka: ikikokotolewa juu ya mkopo wote, jumla ya riba ni 60,000. Ikikokotolewa juu ya salio, mkopaji akirudisha mtaji kwa mafungu sawa kila mwezi, ni 35,000. Andikeni hayo mawili kama majaribio, na mashine iyaendeshe kila mtu anapoleta badiliko, iwe kwa GitLab, GitHub au Jenkins, msizozane juu ya jina. Jaribio likianguka, badiliko haliingii. Mngekuwa nalo, riba ya zamani isingefika kwa mwanachama. Jaribio jingine liwe la marejesho kwa simu: ujumbe wa malipo ukiletwa mara mbili na mtandao wa simu, salio lipungue mara moja tu. Na ujumbe huo utaletwa mara mbili, we subiri.

Mapitio ya msimbo yatakuwa mepesi yenyewe. Badiliko la mistari 40 mtu analisoma na kuuliza swali la maana. La mistari 2,000 anaandika "safi sana" na kulipitisha. Atakayeombwa kupitia ajibu siku hiyohiyo, maana badiliko likilala kwa mpitiaji, mnarudi kulekule.

Mkiweka toleo jipya, epukeni siku za mishahara. Ijumaa mimi sina ugomvi nayo kama majaribio yapo, lakini tarehe 28 SACCOS nzima iko dirishani.

Mama Fundi, sisi wawili tuko Kigoma, intaneti inakatika hata siku nzima. Tumerudi kupeana folda kwa flashi. Kuna njia?
*Wadogo zako*

Git haihitaji intaneti kuweka kumbukumbu ya kazi. Kila kompyuta ina historia yote. Iliundwa hivyo kwa makusudi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, na watu wake walikuwa wametawanyika dunia nzima. Flashi endeleeni nayo, ila folda acheni. Amri ya `git bundle` inafunga historia kwenye faili moja, na mwenzako anavuta kutoka kwenye faili hilo kama anavyovuta kutoka kwenye seva.

Kijana wetu amefuta jedwali la wateja kwenye seva halisi akidhani yuko kwenye ya majaribio. Bosi anataka afukuzwe. Unasemaje?
*Asiyetaka jina, Nairobi*

Mwulize bosi kwa nini skrini mbili hizo zinafanana, na kwa nini kijana alikuwa na nywila ya kufuta. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data za hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Walipokimbilia chelezo, yaani nakala za akiba, wakakuta ghala lake tupu: zoezi la kila siku la kuzichukua lilikuwa likishindwa kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa kama sita kabla. Kampuni ilionyesha urejeshaji moja kwa moja YouTube, na katika taarifa yake yule mhandisi hakutajwa jina.

Kijana wenu mpeni kazi ya kuchukua chelezo ya jana na kuirudisha kwenye seva tupu, huku mmoja wenu akiangalia saa. Ikishindikana, hapo bosi atakuwa na jambo kubwa zaidi la kukasirikia.