Kabla Hujatunga Kabila la Wahamaji, Tafuta Kisima

Mjomba wangu aliisikiliza hadithi yangu mpaka ukurasa wa sita, kisha akainua mkono. "Hebu subiri, mpwa wangu. Hawa watu wako, ng'ombe wao wanakunywa wapi?"

Nilikuwa na majibu ya kila kitu isipokuwa hilo. Nilikuwa nimetunga kabila zima, Wasirande, wanaohamahama na mifugo katika nyika kavu inayofanana mno na hii yetu ya Dodoma. Miungu tisa, kila mmoja na jina lake. Ramani ya kalamu za rangi. Salamu za asubuhi na za jioni. Miezi minne ya kazi, na mzee aliyechunga ng'ombe Bahi tangu utotoni akaipangua kwa swali moja, tena bila ubaya wowote. Alitaka kujua tu.

Siku hizi vijana wanaoandika hadithi za kubuni wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na maji. Miungu waiache kwanza, itakuja yenyewe.

Chukua kalamu upige hesabu. Ng'ombe wetu wa kienyeji hunywa kama lita 20 hadi 30 kwa siku. Wasirande wangu nimewapa kundi la ng'ombe 300, kwa hiyo tukikadiria lita 25 kwa kila mmoja tunapata lita 7,500. Kiangazi huku kwetu kinaanza Mei, na mpaka Novemba mto ni mchanga mtupu; maji unayafukua chini ya huo mchanga. Kisima kikishakuwa kirefu, mmoja anashuka chini, wa pili anasimama katikati, wa tatu yuko juu, ndoo inapanda kwa mikono. Ndoo ya lita 10, basi ni ndoo 750. Hata wakitoa ndoo nne kwa dakika bila kupumzika, ni zaidi ya saa tatu za kuinua na kumwaga, na hapo mbuzi bado, punda bado, na mama mwenye dumu lake bado.

Hesabu hiyo ndiyo inayozaa mila. Ndoo 750 haziinuliwi kimya kimya. Patakuwa na wimbo, na wimbo wenyewe utakuwa wa kupokezana. Nikatunga wa kwangu: kila zikitimia ndoo kumi linatajwa jina la babu mmoja wa ukoo, hivyo mtoto anayejifunza kuteka maji anajifunza na nasaba yake papo hapo. Patakuwa na foleni, na penye foleni pana ugomvi. Nani anyweshe kwanza, aliyefika mapema au aliyechimba? Mgeni anayepita na ng'ombe wawili je? Ng'ombe anayekohoa anaruhusiwa kusogea kwenye birika? Jibu maswali hayo na tayari una wazee wa baraza, una faini, una na viapo. Wasirande huapa kwa kamba ya kisima, na tusi lao baya kuliko yote ni "mkata kamba". Sikulifikiria sana, lilikuja nikiwa bado naandika habari za ndoo.

Kiangazi kikikaza, wafugaji wengi hunywesha leo, kesho wanaruka, ili siku hiyo ya kuruka kundi lifike malisho ya mbali. Nikaona Wasirande hawana haja ya wiki ya siku saba. Wana siku ya maji na siku ya vumbi, basi. Binti aliyezaliwa siku ya vumbi anahesabiwa kuwa mvumilivu, na mahari yake inaongezwa mtamba mmoja. Akina mama wengine, nadhani, wanadanganya kuhusu siku waliyojifungua. (Hapo nikapata sura nzima ya kitabu bila kuitafuta.)

Mjomba alicheka pia aliposikia wanakula nyama na maziwa tu. "Nyama kila siku? Kwani ni harusi?" Mfugaji hachinji ovyo, na maziwa ya kiangazi ni ya kulamba. Uwele na mtama vinatoka kwa jirani anayelima, kwa hiyo watu wako wanaohama wanahitaji watu wasiohama, na kati yao kuna deni, kuna kununiana, kuna kuoana. Wasomaji wa hapa historia hiyo wanaijua hata kama hawajaisoma. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, na kabla ya kufika ilibidi ivuke Marenga Mkali, eneo lisilo na maji ya kunyweka. Msafara ukitokeza upande wa pili na ndimi zimekauka, unakuta watemi wa Wagogo wanausubiri wadai hongo, yaani ushuru wa kupita. Nawaelewa kabisa. Aliyekaa kwenye kisima ndiye anayepanga bei.

Watu wako wape majina mawili. Inasimuliwa kwamba jina "Wagogo" lilitokana na wapita njia, kwa sababu ya gogo. Wadatoga nao wengi huku wanawaita Wamang'ati, jina lililotoka kwa Wamaasai likiwa na maana ya maadui. Watu huishi na jina lao na jina waliloitwa na majirani, na umbali kati ya hayo mawili una habari nyingi. Wasirande, majirani wao wanawaita Wavumbi. Wazee wakilisikia wanatema mate chini. Vijana wamelifanya jina la kujisifia.

Kwenye historia ndipo wengi wanapoharibu. Wanaandika vita, halafu vita vingine, halafu mfalme. Wafugaji nchi hii wanakumbuka miaka kwa walichopoteza. Sotoka ilipoingia Afrika Mashariki karibu na 1890, iliteketeza ng'ombe kiasi kwamba kuna matajiri walioamka maskini kabla mvua hazijarudi. Ugonjwa wenyewe ulitangazwa kutokomezwa duniani 2011 tu. Wagogo wana Mtunya, njaa ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, pale majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipochukua chakula, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua nayo ikakataa. Wakati mwingine pigo ni amri tu ya ofisini. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa ili ardhi ipone. Wabarabaig wa Hanang, ambao nao ni Wadatoga, walipoteza malisho yao kwa mashamba ya ngano. Kwa hiyo wape watu wako mwaka mmoja ambao hawautaji kwa sauti, kisha amua ni nini walichokipoteza mwaka huo. Vita viwili vitatu vinatosha.

Lugha yao? Maneno thelathini yanatosha, na ishirini kati ya hayo yawe ya rangi za ng'ombe.

Sasa aibu yangu. Katika rasimu ya kwanza niliwapa Wasirande mazishi ya Wabarabaig: mzee wa heshima anajengewa kilima juu ya kaburi. Niliyachukua kama yalivyo, kwa sababu yalinipendeza. Siku moja kwenye mnada wa Msalato nilikuwa namwuliza mama mmoja wa Kibarabaig habari za bangili zake za shaba, tukazoeana, nikajisifu kwamba naandika kitabu, nikamsimulia mazishi yale. Kwenye hadithi yangu yalikwisha kwa jioni moja. Alinyamaza, akizungusha bangili moja kwenye kifundo cha mkono, kisha akauliza, "Na wewe baba yako ulimzika kwa saa ngapi?" Shughuli ile huchukua miezi. Ndugu na majirani wanatoka mbali, na kilima kinapanda taratibu.

Niliifuta sura yote. Nikajiuliza mila ile inafanya kazi gani, nikaona inawarudisha pamoja watu waliotawanyika. Kazi hiyo nikawapa Wasirande kwa njia yao wenyewe: mzee akifa, kisima alichokichimba kinafukiwa kwa mchanga, kila mtu wa ukoo lazima amwage konzi yake kwa mkono wake, na hakichimbwi tena mpaka mafuriko yapite juu yake. Aliye mbali anasubiriwa, hata kama ng'ombe wanalia.

Mwezi uliopita nilimsomea mjomba rasimu mpya, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Alisikiliza macho kayafumba, mguu ukigonga mapigo ya wimbo wa kisimani. Nilipomaliza alikaa kimya muda mrefu, nikaanza kutabasamu.

"Kundi la ng'ombe mia tatu," akasema, "na hakuna hata mbwa mmoja?"