Biashara Ndogo Marekani: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Barua zilizouliza tena jinsi ya kufungua LLC, ile aina ya kampuni, nimeziweka kando. Hilo limejibiwa hapa mara nyingi mno, anayelitaka alitafute.

Nina duka la vyakula Lowell, Massachusetts. Kuna mtu ananipigia simu nijiunge na NFIB, chama cha kitaifa cha wafanyabiashara wadogo, ati wanatutetea Washington. Nijiunge?

Jua kwanza unajiunga na nani. Chama hicho kipo tangu 1943 na wabunge wanakisikiliza. Kilikuwa mstari wa mbele katika kesi ya kupinga sheria ya bima ya afya ya Obama, iliyoamuliwa 2012. Kinapinga kupandishwa kwa kima cha chini cha mshahara cha taifa. Mwaka 2025 kilipigania lile punguzo la kodi linaloiacha hadi asilimia 20 ya faida ya biashara bila kutozwa liwe la kudumu, na likawa. Wenye faida za mamilioni walishangilia. Wewe unayebakiwa na dola 30,000 kwa mwaka, huenda likakuokolea dola mia mbili tatu.

Ugomvi wangu na watetezi hawa wasomaji wa zamani wanaujua. Takwimu za serikali huita biashara "ndogo" ilimradi wafanyakazi wake hawajafika 500. Wewe na shemeji yako mnaopokezana kaunta mmehesabiwa kundi moja na mwenye watu 480, na huyo wa 480 ndiye mwenye nafasi ya kwenda Washington kusema "sisi wadogo". Aprili 2020 tuliyaona. Fungu la kwanza la mikopo ya PPP, ile ya serikali ya kuokoa biashara wakati wa korona, dola bilioni 349, liliisha ndani ya siku 13. Kanuni ziliruhusu kampuni zenye mikahawa mingi kuhesabu wafanyakazi wa kila tawi peke yake, basi Shake Shack, kampuni iliyo kwenye soko la hisa, ikapata dola milioni 10. Ilizirudisha watu walipopiga kelele. Wakati huo wasusi na wenye vibanda walikuwa bado wanasubiri benki ipokee simu.

Ukitaka kujiunga, jiunge, ila usidhani kwamba umeshasemewa. Chama cha wafanyabiashara wa mtaa wenu huenda kikakufaa mapema zaidi.

Kampuni moja inataka dola 250 inipatie EIN, ile namba ya kodi ya biashara. Ni bei nzuri?

EIN ni bure, kwenye tovuti ya IRS yenyewe, mamlaka ya kodi, dakika chache tu. Hivi mnasoma safu hii au mnaangalia picha?

Nina lori la chakula Houston. Nimeahidiwa dola 20,000 leo leo, kwa "kiwango cha 1.4", bila maswali. Si riba ya asilimia 40 tu?

Hiyo "tu" ndiyo itakayokumaliza, kaka. Utarudisha 20,000 mara 1.4, yaani dola 28,000. Wakikukata dola 200 kila siku ya kazi, utamaliza baada ya siku 140, kama miezi sita na nusu. Na deni linapungua kila siku, kwa hiyo ile 20,000 nzima hukai nayo hata wiki. Ukilipiga hesabu kwa mwaka, gharama inavuka asilimia 100 bila taabu. Wao hawauiti mkopo. Wanadai wamenunua mauzo yako ya kesho, na kwa mlango huo wanazikwepa sheria za ukomo wa riba. California na New York zimewalazimisha kumwonyesha mteja gharama halisi ya mwaka, na Texas ilipitisha sheria yake ya kuwabana 2025. Mdai huyo mtu gharama zote kwa maandishi. Akikwambia ofa inaisha saa kumi na moja jioni, mwache nayo.

Jaribu mikopo midogo ya SBA, idara ya serikali ya biashara ndogo, hadi dola 50,000, inayopitia mashirika yasiyo ya faida. Makaratasi ni mengi na majibu ni ya polepole. Tena masharti ya uraia yamekazwa tangu 2025, hivyo uliza kabla hujajaza fomu. Serikali ikijisifu kuwa inatukopesha, kumbuka pia kuwa mikopo mikubwa ya SBA hutolewa na benki. Serikali inadhamini tu, na benki huchagua inayemtaka.

Naagiza vikapu na vikoi kutoka Mombasa. Muuzaji anasema ushuru wa Trump haumhusu. Ananidanganya?

Hakudanganyi. Ushuru hulipwa na mwagizaji, yaani wewe, mzigo unapoingia Marekani. Na ule msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 uliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, kwa hiyo ujanja wa kugawa mzigo vipande vipande umekwisha. Muulize wakala wa forodha kiwango cha wiki hii kabla hujatuma pesa, na tunza kila karatasi ya malipo. Wadogo ndio waliotangulia mahakamani, wakubwa wengi wakitazama: V.O.S. Selections, waagizaji wa mvinyo wa New York, walishinda kesi ya kupinga ushuru huo Mei 2025 katika Mahakama ya Biashara ya Kimataifa. Anayedai kurudishiwa pesa bila risiti hadai kitu.

Nina grini kadi, sina uraia. Naruhusiwa kumwandikia mbunge?

Naam, dada. Anawawakilisha wakazi wote wa eneo lake. Kanuni mpya za serikali kuu nazo hutangazwa kwa maoni kwenye regulations.gov, na hakuna anayekuuliza pasipoti. Andika mambo yako kwa tarakimu: kodi ya pango, bima, mauzo yalivyoshuka. Lakini kama kero yako ni barabara iliyofungwa mbele ya duka, hiyo haikufungwa na Washington. Nenda kwenye kikao cha baraza la jiji, jiandikishe kusema, dakika zako mbili zinatosha. Mwenye viza tu asichangie pesa za kampeni hata dola moja. Ni kosa kisheria.

Naweza kuuza sambusa za nyama nilizopika nyumbani?

Majimbo mengi, hapana. Mandazi na biskuti, mara nyingi ndiyo. Piga simu idara ya afya ya kaunti yako kabla hujanunua karai kubwa.