Elimu Ikishatolewa, Hubaki kwa Nani?

SWALI: Mwalimu wa shule ya msingi wilayani Bahi anauliza: "Katika muhtasari wa kikao cha wazazi niliandika kwamba Afisa Lishe aliwafundisha wazazi namna ya kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Mwalimu Mkuu akaikata sentensi hiyo na kuandika kwamba Afisa Lishe alitoa elimu kwa wazazi juu ya sumukuvu. Alinieleza kuwa kufundisha ni kwa watoto. Watu wazima hupewa elimu. Ipi ni sahihi? Na je, tuseme 'juu ya' au 'kuhusu'?"

JIBU: Mwalimu, sentensi zote mbili hazina kosa la sarufi, na ningeishia hapo kama usingegusa maneno mawili ambayo kwa miaka mingi yamenifanya nikunje gazeti kabla ya kulimaliza. Maneno hayo ni "kutoa elimu". Hapa Dodoma, ambako wizara zimehamia na kila ofisi ina mtu wake wa kuandika taarifa kwa umma, hakuna tatizo ambalo halijatolewa elimu au halimo njiani kutolewa. Bodaboda wakipanda bila kofia ngumu, elimu itolewe. Wakulima wa zabibu wakipunjwa bei, elimu itolewe, na itolewe kwa wakulima, si kwa wanaowapunja. Wazazi wasipochangia chakula cha shuleni, hawana elimu ya kutosha, kwa hiyo watapewa, na baada ya kupewa patapigwa picha.

Asili ya maneno yenyewe haitatuchelewesha. Elimu tumeipata kwa Waarabu, kutoka katika shina lile lile lililotuletea mwalimu, taaluma na maalumu. Toa ni la kwetu la Kibantu, na lina tabia ya kutazama pande mbili: tunatoa sadaka na tunatoa jino, tunatoa salamu na tunatoa takataka. Mtoto wa darasa la pili, ambaye kutoa anakokujua ni kule kunakofuata kujumlisha, akisoma kwenye mbao za matangazo za kijiji kwamba elimu imetolewa, ana haki kabisa ya kuuliza imebaki ngapi.

Utani huo tuuache, maana kinachonikera si utata wa maana mbili. Wasemaji wa Kiswahili wanaishi na "toa" bila kuchanganyikiwa, na hakuna aliyewahi kukimbia akidhani Afisa Lishe amekuja kumnyang'anya elimu. Kinachonikera ni kazi ambayo usemi huu unaifanya ndani ya sentensi. Tazama ulichoandika wewe: aliwafundisha wazazi namna ya kuhifadhi mahindi. Kitenzi "fundisha" kimedai watendwa wawili, yaani anayefundishwa na kinachofundishwa, na usipovitaja vyote msomaji atakuuliza. Sasa tazama alichoandika mkuu wako. Mtendwa ni elimu. Wazazi wamesogezwa nyuma ya "kwa", mahali ambapo wanaweza kuachwa wasionekane kuwa wamepungua, na namna ya kuhifadhi mahindi imeyeyuka ikawa "juu ya sumukuvu". Endelea hatua moja tu uiweke sentensi katika kauli ya kutendwa, kama ripoti zinavyopenda, upate "elimu ilitolewa". Hapo hata Afisa Lishe ametoweka. Hatujui nani alimwambia nani nini, lakini kazi imefanyika na inaweza kuingizwa katika taarifa ya robo mwaka.

Na sumukuvu si jambo la kuyeyushwa. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi ya nyumbani kwao, tena waliyoyalima wenyewe. Kuna mambo machache ambayo mzazi anatakiwa aondoke nayo kikaoni: kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu, kwamba yasiingizwe ghalani kabla hayajakauka sawasawa, kwamba punje zenye ukungu zichambuliwe na zisirudi kwenye ugali wala kwenye pombe, na kwamba kupika hakuiondoi sumu hiyo. Mambo haya yanafundishika, yanaonyeshwa kwa mikono, na mtu anaweza kuulizwa kesho yake kama ameyashika. Muhtasari wako ulikuwa umeanza kuyakaribia. "Alitoa elimu" umeyafungia yote kwenye gunia moja na kulishona mdomo.

Kiswahili kina viambishi ambavyo havimruhusu mtu kujisifu kabla ya wakati. Aliyetwaa nguo akaitundika kwenye kamba, na jioni nguo ikawa bado mbichi, hawezi kusema ameikausha; ameianika tu. Ndivyo ilivyo kwa "elimisha": kiambishi kile cha kusababisha kinamfunga mtendaji na matokeo, kwamba kuna mtu aliyeelimika. "Toa" haina kifungo hicho. Sadaka ikishatoka mkononi, mtoaji amemaliza, hata kama imeangukia mchangani. Najua utanijibu kwamba mtu anaweza pia kusema "nilimfundisha lakini hakuelewa", na ni kweli, husemwa. Ila sikiliza sauti ya anayesema hivyo: analalamika, na yeyote aliye karibu atamwuliza alimfundishaje. Anayesema "elimu tumeshatoa" halalamiki, anajitetea, na hakuna atakayemwuliza kitu, kwa kuwa yaliyobaki ni ya mpokeaji. Kipindupindu kikirudi mwakani, kosa ni la wananchi ambao walipewa elimu wakaitupa.

Nije kwenye ile hoja ya mkuu wako kwamba watu wazima hawafundishwi. Sijui ameitoa wapi. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huyo anayefunzwa na ulimwengu kwa kawaida ameshaota ndevu. Jaribu kuitafsiri methali hiyo kwa Kiswahili cha semina: asiyepatiwa elimu na mamaye, elimu itatolewa kwake na ulimwengu. Mwari hufundwa, bwana harusi hufundwa, na fundi mwenyewe ametokana na kitenzi hicho hicho. Hakuna kati yao anayeona amefanywa mtoto.

Tena nchi hii iliwahi kuwasomesha watu wazima kwa wingi, na lugha iliyotumika haikuwa hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mtu aliyekwenda kujifunza kusoma na kuandika chini ya mwembe aliitwa mwanakisomo. Ona umbo la neno hilo: linamtaja mtu kwa kazi anayoifanya yeye, si kwa anachopewa. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya na mwaka 1975 Chakula ni Uhai. Katika kampeni hizo watu waliketi katika vikundi wakasikiliza kipindi redioni, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua watakachofanya wao wenyewe kijijini, ikiwa ni kuchimba vyoo au kufyeka majani yanayozunguka nyumba. Sidai kwamba maneno ndiyo yaliyochimba vyoo, lakini aliyeitwa mwanakisomo alijua anangojewa kufanya kitu. Anayeitwa mnufaika wa elimu iliyotolewa anangojewa kusaini orodha ya mahudhurio.

Wewe ni mwalimu, na kwa hiyo utakuwa umeshaona ugonjwa huu ukishuka hadi darasani. Mwulize mwanafunzi wa sekondari leo wamejifunza nini, naye atakujibu, "Tumepewa notsi." Hakuna uongo katika jibu hilo. Ameeleza kwa usahihi kilichotokea: kitu kilikuwa ubaoni, sasa kimo daftarini, na mwalimu amekwisha kutoa. Tunabadilisha mitaala, tunasema mwanafunzi sasa ndiye kiini cha somo na umahiri ndio lengo, kisha tunakaa kuandika ripoti ya mafunzo hayo hayo kwa walimu na kusema walimu wamepatiwa elimu ya mtaala mpya. Mwalimu aliyepatiwa ataenda kupatia.

Uamuzi wangu basi ni huu. Sentensi yako ilikuwa bora, na kama muhtasari haujasainiwa, irudishe. Kama umeshasainiwa, usigombane na mkuu wako kwa ajili ya kitenzi. "Kutoa elimu" kumeshaota mizizi katika ofisi zote kuanzia kata hadi Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, na mimi nimezeeka mno kuanza kukung'oa. Kubaliana naye, kisha ongeza sentensi ya pili inayoeleza wazazi walionyeshwa nini na nani kati yao aliombwa arudie kwa maneno yake. Hakuna kanuni ya uandishi wa kumbukumbu inayokukataza hilo.

Ama kuhusu "juu ya", hapo Mwalimu Mkuu hakukosea. Wako wanaodai kwamba "juu ya" ni ya meza na dari tu, na kwamba mambo yasiyoshikika sharti yaambatane na "kuhusu". Dai hilo halina msingi, kwani watu wamezungumza juu ya ndoa, juu ya mipaka ya mashamba na juu ya jirani zao tangu zamani bila kupanda popote. Binafsi napendelea "kuhusu" pale ambapo "juu ya" inaweza kuchekesha, kama katika "semina juu ya vyoo bora".