Muulize Fundi: Spitfire iliyofanya ukungu Wete

Fundi, assalamu alaikum. Mjomba wangu aliporudi kutoka Dubai kaniletea boksi la Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya plastiki ya kuunga, ya kipimo cha moja kwa 72, yaani ndogo mara 72 kuliko ya kweli. Kuunga nimeunga vizuri. Lakini nilipoipuliza rangi ya kopo mwezi wa Aprili ilifanya weupe kama imemwagiwa unga. Stika za kulowesha majini zinameta pembezoni, na kioo cha rubani kimeingia ukungu. Halafu rafiki yangu ananibishia: ati chini bawa moja jeusi na jengine jeupe, wakati picha ya boksi inaonesha kijani kilichopauka. Nani mkweli?
Kijana wa Wete, Pemba

Waalaikumu ssalam, mwanangu. Aprili! Masika imekamata, nguo zinashinda kambani hazikauki, nawe unapuliza rangi. Dawa inayoyeyusha rangi ikipaa huupoza uso wa plastiki. Unyevu wa hewani hutua hapo na kunaswa ndani ya rangi. Usiikwangue. Subiri siku ya jua kali, saa saba au saa nane mchana. Kopo lilelile liweke kwenye maji vuguvugu (motoni marufuku!), litikise mpaka mkono uchoke, kisha puliza mkono mmoja mwepesi wa rangi kutoka mbali kidogo. Rangi ya chini italainika, unyevu utoke, na mara nyingi weupe huondoka. Ianike kivulini. Juu ya bati mabawa yatapinda.

Stika hazina kosa. Rangi isiyong'aa ina uso wa kukwaruza, kwa hiyo hewa hubakia chini ya stika, na hewa hiyo ndiyo inayometa. Kwanza rangi, kisha vanishi ya kung'aa, ndipo stika, halafu vanishi isiyong'aa juu ya yote. Hizo ulizokwisha kubandika zitoboe kwa ncha ya sindano pale zinapometa, tia tone la siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, kandamiza kwa kitambaa kibichi. Anza na yale maduara ya buluu na nyekundu juu ya mabawa. Ndege yenyewe haifiki sentimita 16 bawa kwa bawa, na macho ya mgeni yatatua hapo hapo.

Kioo umekibandika kwa supaglu, sina haja ya kuuliza. Moshi wake ndio huo ukungu. Kibandue taratibu kwa ncha ya kisu, kisugue ndani na nje kwa dawa ya meno na kitambaa laini, ukirudishe kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani.

Ama ubishi wenu, nyote mna haki, mnatofautiana miezi tu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza 1939 Waingereza walizipaka ndege zao za kivita chini nusu nyeusi nusu nyeupe, ili walio ardhini wasizitungue kwa kudhani ni za adui. Juni 1940 ikaja ile rangi ya kijani kilichopauka. Basi soma karatasi ya stika: ikiwa ndege yako ni ya mapigano ya Dunkirk kule Ufaransa, Mei 1940, rafiki yako kakushinda; ikiwa ni ya Agosti mwaka ule, fuata boksi. Na ukiamua nyeusi na nyeupe, jeusi ni bawa la kushoto kwa rubani. Ukiilaza ndege chali, pua ikitazama mbele yako, bawa hilo litakuwa mkono wako wa kulia.