Majaribio 140 yote kijani, na abiria amekosa boti

Dada wa Malindi, umeuliza kama miaka miwili uliyoitia kwenye upimaji wa programu imekwenda na maji, kwa kuwa bosi wako amewaonyesha akili unde ikiandika majaribio 60, yaani vijiprogramu vya kukagua kama mfumo unafanya kazi sawa, kabla chai haijapoa. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika, huyu hama, yule usijali. Mimi niko Amu, yaani Lamu mjini, kazi hii ni mwaka wa tisa, na sina jibu fupi hivyo. Nina kisa.

Mwaka jana tulipima mfumo mdogo wa tiketi za boti za Mokowe na visiwani. Mwenye mfumo simtaji. Watengenezaji wako Nairobi, mpimaji ni mimi peke yangu na laptopu yangu hapa Langoni. Nikaipa akili unde msimbo wote (maandishi ya programu yenyewe), ikaniandikia majaribio 140 kwa mchana mmoja. Zamani ningekaa wiki tatu. Wala hayakuwa mabovu: ilijaribu namba za 07, za 01, za +254, mtu kulipa mara mbili kwa M-Pesa, hata nauli ya sifuri. Zile za 01 mimi ningezisahau, sikufichi. Yote yakatoka kijani, ndiyo kusema yamefaulu, mfumo ukaanza kazi.

Siku ya tatu mama mmoja wa Mkomani akaja juu, na ana haki. Alitumiwa ujumbe: "Boti yako inaondoka saa 8:00." Akafika gatini saa saba na nusu mchana, na begi lake, mapema kabisa. Boti ilishaondoka saa mbili asubuhi, na basi lake la Mombasa lilishatoka Mokowe.

Mfumo ulihesabu saa za kizungu ukazisema kwa Kiswahili. Je, jaribio halikuona? Liliona vizuri sana. Lilikuwa linakagua kwamba ndani ya ujumbe mna "8:00", na mlikuwa nayo. Akili unde ilisoma msimbo, ikatazama unafanya nini, ikaandika jaribio la kuthibitisha kwamba unafanya hivyo hivyo. Abiria hakuwemo kabisa katika hesabu hiyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba majaribio yale niliyapitia mwenyewe, moja baada ya moja. Mimi niliyezaliwa hapa, nikakua nikisema saa mbili asubuhi! Lakini kusoma kazi iliyokwisha andikwa ni kutikisa kichwa tu. Ningeliandika lile jaribio kwa mkono, ningelazimika kujiuliza ujumbe useme nini, na hapo saa nane ingenigonga machoni.

Tangu siku ile nimegeuza utaratibu. Majibu sahihi nayaandika mimi kwanza, kwa kalamu, kabla msimbo haujaonyeshwa mashine. Naenda gatini kuwauliza manahodha. Huko ndiko nilikogundua jaribio jingine la ajabu: mashine ilidai boti ya Faza iondoke saa ile ile kila siku. Boti ya Faza hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari, na Mkanda haupitiki ila maji yamejaa, na maji kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Na kuna usiku wa Ijumaa, ambao kwa watu wetu ni Alhamisi baada ya magharibi. Mpe mtengenezaji wa Nairobi neno hilo, kisha ukae utazame tiketi zitakavyochanganyika. Orodha ikishakamilika ndipo naipa akili unde iandike, na hapo haina mfano kwa kasi.

Kuhusu habari za Playwright ulizozitaja, ile zana ya kupima tovuti, ni kweli, mwaka 2025 waliongeza mawakala watatu wa akili unde: mmoja hupanga, mmoja huandika, mmoja hutibu jaribio lililovunjika. Wa tatu ndiye wa kumwangalia. Kitufe kikibadilishwa jina, yeye hukitafuta na kulirekebisha jaribio, na hilo ni baraka, maana hakuna kazi iliyonichosha kama hiyo. Lakini akiamini kwamba ni mfumo wenyewe ulioharibika, anaweza kulifanya jaribio lirukwe, yaani lisiendeshwe kabisa. Kwa hiyo usihesabu kijani peke yake, hesabu na yaliyorukwa. Mganga huyu humwondoa mgonjwa kwenye foleni.

Cheti? ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wapimaji, wana cha kupima mifumo ya akili unde tangu 2021. Kama kazini watakulipia, kichukue. Kwa pesa yako, subiri.

Selenium, zana ya kubonyeza tovuti bila mkono wa mtu, ilipotoka 2004 watu walisema wapima kwa mkono wamekwisha. Hawakwisha, ila aliyekuwa akibonyeza yale yale kila Ijumaa bila kuuliza alipata shida, na safari hii atapata shida zaidi. Sitakudanganya kwamba kila mtu atabaki. Timu yenye wapimaji watano sasa inaweza kutosheka na wawili. Nakuona wewe ukiwa mmoja wa hao wawili ikiwa utajua mgeni wenu anataka nini kuliko mashine ijuavyo.

Umesema mnapima mfumo wa hoteli. Kabla hujamjibu bosi, fungua ujumbe wa Kiswahili anaotumiwa mgeni, utazame saa ya kuingia chumbani imeandikwaje. Ukikuta "saa 2:00 mchana", piga picha ya skrini upesi, kabla hawajairekebisha.