Roboti Idake Mipira Bila Kitufe: Jibu kwa Kijana wa Arusha

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Tumefunga sensa ya umbali kwenye mdomo wa roboti yetu. Mpira inauona, ila ukiingia mmoja inahesabu miwili, wakati mwingine mitatu. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu. Kaa kitako, maana hilo swali lilitunyima usingizi msimu mzima.

Mimi nalea timu ya FTC (FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi) hapa Ohio, Marekani. Ni watoto wa sekondari, wengi wao wazazi wametoka Kongo na Burundi, na kwenye gereji tunayofanyia kazi Kiswahili ndicho kinachotawala, hasa kitu kikiharibika. Mchezo wa msimu wa 2025–2026 unaitwa DECODE. Mipira yake ni ya plastiki, ya zambarau na kijani, kipenyo inchi 5, na imetobolewa matundu mwili mzima. Roboti hairuhusiwi kubeba zaidi ya mitatu kwa mara moja; ukizidisha, adhabu. Halafu sekunde 30 za mwanzo roboti inajiendesha yenyewe, hakuna dereva wa kuibonyezea kitufe. Isipojua yenyewe kwamba imejaa, itaendelea kumeza.

Sensa yetu ni ile ya kampuni ya REV, inayopima umbali hadi mita 2, ndogo tu. Inarusha mwanga ambao jicho halioni, kisha inapima mwanga huo umechukua muda gani kwenda na kurudi. Watu wengi wanaifunga mdomoni iangalie mbele. Sasa fikiria: mpira unazunguka, mara upande wa plastiki, mara tundu, mara plastiki tena. Sensa inasema upo, haupo, upo. Programu inaandika miwili. Kijana, sensa yako ni nzima. Swali unaloiuliza ndilo bovu.

Konda wa daladala akitaka kujua gari limejaa hahesabu miguu inayopanda mlangoni, anageuka anaangalia viti. Acha kuhesabu mipira inayopita. Mpe kila mpira kiti chake ndani ya roboti, kila kiti na sensa yake, kisha uliza jambo moja tu: kiti hiki kina mpira au hakina? Vikijaa vitatu, mota ya kumezea igeuke itapike wa nne. Wazo hili lilitoka kwa binti wa miaka 15 ambaye wiki mbili kabla alitaka kuacha timu. Nilijivuna kama mimi ndiye niliyelitoa.

Kuna mambo yatakusumbua. Sensa zote hizi zinatoka kiwandani na anwani ileile, kwa hiyo mbili hazikai kwenye tundu moja la I2C, yaani pale unapochomeka waya wa sensa. Control Hub, ule ubongo wa roboti, ina matundu manne ya aina hiyo, gawa. Chini ya sentimita 5 zinaropoka, kwa hiyo usiibandike sensa ikagusana na mpira. Sisi tuliirudisha nyuma kwa kibano kilichochapwa na printa ya 3D, ikabaki na nafasi ya sentimita 8 hivi. Pale mtazamo wake umeshapanuka kama sentimita 3 na nusu, kwa hiyo hata tundu likiikabili inaona na ukingo wa plastiki. Na isipoona kitu kabisa haisemi sifuri, inasema 819 ukisoma kwa sentimita. Ukichukua wastani wa namba yenye 819 ndani yake, umekwisha. Itupe hiyo 819 kwanza, ndipo upige hesabu.

Kuhusu jua sina mengi. Nalo lina mwanga wa aina ileile ambao jicho halioni, linaivuruga sensa. Kama mnafanyia mazoezi barazani, hamieni ndani.

Siku ya mashindano roboti yetu ilisogea kwenye lango la uwanjani mipira ilipokuwa inaporomoka, ikadaka mitatu, ikafunga, ikaondoka, na dereva hajagusa kitu. Ukumbi ulilipuka. Lakini kilichobaki moyoni mwangu ni jaji mmoja aliyewauliza watoto, macho yake yakiwa kwangu mimi: "Nani aliwaandikia hii programu?" Yule binti hakujibu. Alifungua kompyuta akamsomea mstari kwa mstari, mpaka kwenye ile 819, na sababu yake. Jaji akaandika kitu kwenye karatasi yake akaondoka, na mpaka leo sijui alikuwa anauliza kwa nia njema au la. Nimejaribu kusamehe. Bado.

Ndiyo maana nawakatalia wanaoniomba programu "niikopi tu mwalimu". Kopi haitajua kiti chako kiko wapi wala rangi ya plastiki yako. Na siku mtu akikuuliza nani aliandika, kopi haitakusemea. Vijana wetu wana akili, ila tumewazoesha kutaka jibu kabla ya kipimo. Shika rula. Weka mpira, soma namba, andika. Toa mpira, soma namba, andika. Zungusha mpira ili tundu likabili sensa, soma tena. Inachosha, najua.

Kwa hiyo kijana wa Arusha, usinitumie video ya roboti. Nitumie hizo namba tatu kwa kila kiti, pamoja na upana wa njia yenu ya mpira, na uniambie sensa imefungwa juu au ubavuni. Jumapili jioni nakuwa na nafasi.