Ukingo wa milimita 0.3: je, saratani imetoka yote?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu ana miaka 27 na ni mwenye ualbino. Kwenye upindo wa juu wa sikio lake la kushoto palikuwa na kidonda kilichoota kigaga, kikabanduka na kutoa damu, kisha kikaota kingine, kwa muda wa miezi mitano. Kimekatwa, na majibu ya maabara yanasema ni saratani ya seli bapa, "kingo hazina saratani, ukingo wa chini uko umbali wa milimita 0.3". Tumeruhusiwa kwenda nyumbani. Nimesoma juu ya upasuaji uitwao Mohs. Je, hiyo 0.3 inatosha, au tuuze shamba tumpeleke nje ya nchi? (Mwalimu, Sengerema)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na shamba: msiliuze. Kazi iliyobaki inaweza kufanyika hapa nchini, lakini msikubali kuwa imekwisha, na nitakueleza kwa nini.

Sentensi ile ya maabara ni ya kweli, ila ni muhimu ujue imepatikanaje. Mpasuaji akishatoa kinyama hufunga uzi upande mmoja, kwa kawaida penye saa sita kama uso wa saa, ili mtaalamu wa patholojia ajue juu ni wapi na chini ni wapi. Kule maabara kinyama hupakwa wino pembeni na chini, kisha hukatwa vipande kama boflo linavyokatwa slesi, na kutoka katika kila slesi huchukuliwa utando mwembamba sana wa kutazamwa kwa hadubini. Milimita 0.3 ni umbali kati ya seli ya mwisho ya saratani na wino katika tando hizo zilizotazamwa. Yaliyo kati ya slesi moja na nyingine hakuna aliyeyaona; kwa njia hii ukingo unaotazamwa haufiki hata asilimia 2 ya ukingo wote. Saratani ya seli bapa nayo haikui kama yai lenye ganda laini. Hutuma vijizizi, na kijizizi kimoja kinaweza kupita katikati ya slesi mbili bila kuonekana.

Sasa ongeza mahali penyewe. Sikio na mdomo ni sehemu ambazo saratani hii hurudi au kusafiri hadi kwenye tezi za limfu kwa urahisi kuliko ikiwa mkononi au mgongoni. Ngozi ya upindo wa sikio ni nyembamba, haina mafuta ya maana chini yake, na mara moja unafika kwenye gegedu, yaani ule mfupa laini wa sikio. Kwa pembeni mpasuaji huweza kupima kwa rula milimita 4 hadi 6 za ngozi inayoonekana nzima, na zaidi kidogo kwa sehemu za hatari kama hii. Kwa chini hana rula, anategemea tabaka alilolifikia. Kwa hiyo ningekuwa mimi, ukingo wa chini wa 0.3 penye sikio nisingeuacha. Ningerudi kukata tena hadi kwenye gegedu, nikiondoa utando unaoifunika na, ikibidi, kipande cha gegedu yenyewe.

Mohs ulilosoma ni jina la Frederic Mohs, aliyeanza utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, miaka ya 1930. Alitumia kemikali ya zinki iliyokausha nyama ikiwa bado mwilini bila kuharibu sura yake chini ya hadubini; siku hizi nyama hugandishwa tu kwa baridi. Siri ya njia hii ni namna ya kulaza kinyama. Hukatwa kama kisahani chenye kingo zilizoinama, kisha hubanwa hadi pembeni na chini vikae katika usawa mmoja, ndipo utando ukatwe kutoka upande huo, na ukingo wote uonekane. Penye saratani mpasuaji huweka alama kwenye ramani na kurudi kukata pale tu, mgonjwa akiwa bado na ganzi. Utafiti wa Uholanzi uliofuatilia saratani za uso za seli za msingi kwa miaka 10 ulikuta zimerudi kwa asilimia 4.4 baada ya Mohs na asilimia 12.2 baada ya upasuaji wa kawaida. Hiyo ni saratani tofauti na ya mdogo wako, lakini sababu ni ileile ya kuona ukingo wote.

Na kuona ukingo wote hakuhitaji lazima mashine ya kugandisha. Mwombeni mpasuaji akate, aache kidonda wazi chini ya bendeji yenye mafuta ya mgando, aiombe maabara imenye kingo zote na kuzitazama kwa ubapa, na asubiri majibu kabla ya kuziba. Itachukua siku kadhaa, na kijana atachoka kubadilishiwa bendeji, lakini ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa hospitali yenye mpasuaji na mtaalamu wa patholojia wanaozungumza. Nasisitiza neno "kabla", kwa kuwa nimempokea mgonjwa aliyezibwa kwa kiraka cha ngozi siku ileile ya upasuaji, saratani ikarudi chini ya kiraka, na tuliigundua ilipokuwa imeshakula mfupa.

Someni tena karatasi ya majibu mtafute kama imetaja neva. Ikiwa saratani imeifuata neva, au kukata tena haiwezekani, muulizeni daktari kuhusu tiba ya mionzi. Hospitali ya Bugando, Mwanza, inatolewa, na kutoka Sengerema si mbali. Kwa vyovyote apapaswe tezi za mbele ya sikio na za shingo kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya kwanza, na siku hiyohiyo akaguliwe ngozi yote, kofia na shati vikiwa vimevuliwa, kwa sababu jua lililochoma sikio la kushoto lilichoma na la kulia.